Jinsi ya kuchora ramani ya miteremko iliyo rahisi kuporomoka, kwa takwimu na programu za bure

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nitumie programu gani? Nukta ngapi za maporomoko zinatosha? Kwa nini mteremko wangu unasoma nyuzi 89 kila mahali? Kwa nini ramani yote imekuwa nyekundu? Fuata hatua hizi kwa mpangilio na usiruke ya tatu, hata kama ndiyo inayochosha kuliko zote.

Mfano wetu ni nyanda za juu za West Pokot, kwenye milima ya Cherangani nchini Kenya. Usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019 mvua kubwa iliporomosha miteremko maeneo ya Nyarkulian, Parua na jirani zake, na watu zaidi ya 50 wakafa. Nimeuchagua kwa sababu ya kikazi: maporomoko mengi yalitokea kwa mkupuo mmoja, na picha za setilaiti za kabla na baada zinapatikana bila malipo. Ukiwa Usambara, Uluguru au Rungwe nchini Tanzania, Bududa nchini Uganda, au Kalehe nchini Kongo (DRC), hatua hazibadiliki. Kitakachobadilika ni namba ya mfumo wa koodineti na aina ya miamba.

Hesabu yenyewe ni kugawanya na kujumlisha tu. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ramani mbovu nyingi huharibika kabla ya hesabu, pale mtu anapoweka nukta zake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8, QGIS (programu ya bure ya kuchora ramani), na lahajedwali lolote. Ukitaka kufika kwenye rigresheni (njia ya takwimu ya kukadiria uwezekano, iko mwishoni), weka na R, programu ya bure ya takwimu.
- Data ya mwinuko (urefu wa ardhi juu ya bahari) yenye pikseli, yaani vimraba vya picha, za mita 30: SRTM, iliyopimwa Februari 2000, au Copernicus GLO-30, iliyotokana na vipimo vya 2011 hadi 2015. Zote mbili ni za kabla ya 2019, na hilo ndilo tunalotaka: tunahitaji umbo la mteremko kabla haujakatika.
- Picha za setilaiti ya Sentinel-2 za mita 10, na Google Earth Pro kwa kuangalia kwa karibu.
- Ramani ya jiolojia ya eneo lako, hata ile ya karatasi iliyoskaniwa.
- Barabara na mito kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni.
- Uvumilivu wa kutafuta makovu ya maporomoko kama 100 au zaidi. Chini ya 50, madaraja mengi (makundi ya hatua ya 6, kama mteremko wa nyuzi 5–15) yatabaki na nukta moja au mbili, na hapo unacheza bahati nasibu.

Onyo kuhusu data ya mwinuko: wengi hukimbilia ile ya mita 12.5 inayokuja na picha za rada za ALOS PALSAR, wakidhani wamepata kitu cha kina zaidi. Kwa eneo letu, data hiyo ni SRTM ya mita 30 iliyokatwakatwa kuwa pikseli ndogo. Faili linakuwa kubwa, lakini habari mpya haimo.

Hatua ya 1. Chora mpaka wa eneo

Usitumie mpaka wa kaunti au wilaya. West Pokot ina milima ya Cherangani, lakini pia ina nyanda kavu za chini upande wa Kacheliba. Ukiingiza tambarare yote hiyo, hesabu itapata kazi rahisi mno: kutenganisha mlima na uwanda. Kipimo chako cha mwisho kitapanda na utafurahi, ilhali ramani haijakuambia lolote ambalo mchunga mbuzi wa hapo hajui. Chora mpaka kwa mabonde ya mito, na ubaki na sehemu ambayo swali lina maana: kati ya miteremko hii yote mikali, ni ipi iliyo rahisi kukatika?

Hatua ya 2. Mfumo mmoja wa koodineti, pikseli moja

Badilisha kila kitu kiwe kwenye UTM, mfumo wa koodineti unaopima kwa mita badala ya nyuzi. West Pokot na Bududa ni kanda ya 36 Kaskazini (EPSG:32636, namba ya mfumo huo ndani ya QGIS). Hanang na Rungwe ni 36 Kusini (32736), Usambara na Uluguru ni 37 Kusini (32737), Kalehe ni 35 Kusini (32735). Kisha linganisha rasta (ramani za pikseli) zote ziwe na pikseli ya mita 30 na zianzie kona moja. QGIS ina kifaa cha kazi hiyo kiitwacho "Align Rasters".

Angalia sana ramani za zamani za karatasi. Nyingi za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo, si WGS84 inayotumiwa na data za setilaiti. Ukizichanganya bila kuzibadilisha, kila kitu kitasogea takriban mita 300, yaani pikseli kumi. Kwenye mlima, mita 300 ni tofauti ya ukingo na bonde.

Hatua ya 3. Orodhesha maporomoko

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Fungua picha ya Sentinel-2 ya kabla ya tukio na ya baada yake, za msimu ule ule. Kwa West Pokot, linganisha Januari au Februari 2019 na miezi hiyo hiyo ya 2020. Gawa eneo lako kwa miraba ya kilomita mbili na upitie mraba mmoja baada ya mwingine, ukiweka alama kwenye ule uliokwisha. Ukitafuta kwa kurukaruka, utaona yale ya karibu na barabara na kuyaacha ya ndani ya msitu, kisha ramani yako itatangaza kwamba barabara ndiyo husababisha kila kitu.

Kovu la kweli hufuata mteremko kwenda chini, ni refu kuliko upana wake, na mara nyingi linaishia kwenye kijito. Shamba lililolimwa juzi lina kingo zilizonyooka. Machimbo ya murram yana njia ya lori inayoingia. Mchanga wa mto hufuata mto. Ukiwa na shaka, fungua Google Earth Pro na urudishe tarehe nyuma: kama kiraka hicho kilikuwa wazi tangu 2014, si kovu la 2019.

Sasa, nukta iwekwe wapi? Kwenye kichwa cha kovu, pale ardhi ilipokatika. Si katikati ya mkondo wa matope, wala pale matope yalipotua. Kumbuka Hanang, 3 Desemba 2023: matope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Picha za magazetini zilionyesha Katesh, na ni haki, kwani huko ndiko walikokuwa watu. Lakini ukiweka nukta zako Katesh, unaiambia hesabu kwamba ardhi ya chini yenye mteremko mdogo ndiyo hukatika, nayo itakuamini.

Nukta moja kwa kila kovu. Ukichora kovu zima na kuhesabu kila pikseli yake, poromoko moja kubwa litapiga kura mia tano na madogo mia moja hayatasikika.

Kwa kila nukta andika tarehe au mwaka kama unaujua, chanzo cha taarifa, na uhakika wako: juu, wastani, chini. Za uhakika wa chini zitoe kabla ya hesabu.

Hatua ya 4. Tenga nukta za kupimia

Asilimia 70 za kufundishia, asilimia 30 za kupimia. Tenga sasa, uweke kwenye faili tofauti, na usiziguse tena hadi hatua ya 9. Kugawa kwa bahati nasibu kunakubalika, lakini nukta jirani hufanana, kwa hiyo mtihani unakuwa mwepesi. Kama una nukta za kutosha, fundisha kwa mabonde ya upande mmoja na upime kwa mabonde ya upande mwingine. Alama itashuka, ila itakuwa ya kweli.

Hatua ya 5. Tengeneza matabaka ya visababishi

Anza na machache: mteremko, uelekeo wa mteremko, mpindo wa ardhi (imebinuka au imebonyea), kielezo cha unyevu wa topografia (pale maji yanapojikusanya), aina ya mwamba, matumizi ya ardhi, umbali kutoka barabarani na umbali kutoka mtoni. Manne ya kwanza yanatoka kwenye data ya mwinuko peke yake. Kabla ya kukokotoa unyevu, jaza mashimo ya uongo kwenye data hiyo, la sivyo maji yatakwama njiani.

Kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni wa wakati. Matumizi ya ardhi na ukijani wa mimea lazima vitoke kwenye picha za *kabla* ya maporomoko. Ramani ya WorldCover ya uso wa ardhi, ya mita 10, ni nzuri, lakini ni ya 2020 na 2021. Ukiitumia kwa tukio la 2019, makovu yenyewe yameshaandikwa humo kuwa ardhi tupu. Hesabu itagundua kwa shangwe kwamba ardhi tupu huporomoka, kumbe ni tupu kwa sababu imeporomoka. Ainisha mwenyewe picha ya mapema 2019.

Wa pili ni mvua. Kila mtu anataka kuiweka. Data ya mvua ya CHIRPS ina pikseli ya nyuzi 0.05, karibu kilomita tano na nusu. Ndani ya bonde moja la Pokot utapata pikseli chache tu, na ramani yako itatoka na miraba mikubwa. Isitoshe, mvua ya usiku mmoja ni kichochezi. Inaeleza kwa nini ilitokea usiku ule, huku wewe ukitafuta kwa nini mteremko huu ulikatika na ule wa jirani ukabaki, na yote miwili ilinyeshewa. Kwa eneo dogo, iache.

Hatua ya 6. Gawa kila tabaka katika madaraja

Tumia "Reclassify by table". Kwa mteremko, jaribu 0–5, 5–15, 15–25, 25–35, 35–45, na zaidi ya 45. Kwa barabara, kila mita 100 hadi 500, kisha zilizobaki zote pamoja. Uelekeo ugawe katika pande nane, na ukumbuke kwamba Kaskazini ina vipande viwili: 337.5 hadi 360, na 0 hadi 22.5. Vipe namba moja. Ardhi tambarare isiyo na uelekeo iwe daraja lake.

Hatua ya 7. Hesabu uwiano wa kila daraja

Njia hii huitwa uwiano wa marudio. Kwa kila daraja unauliza: sehemu yake ya maporomoko ni kubwa kuliko sehemu yake ya ardhi?

Uwiano = (nukta za daraja ÷ nukta zote) ÷ (pikseli za daraja ÷ pikseli zote)

Tuseme eneo lina pikseli 1,000,000 na nukta 700 za kufundishia. Namba hizi ni za kufanyia mazoezi tu:

- Nyuzi 0–5: pikseli 150,000, nukta 7. Asilimia 1 kwa asilimia 15, uwiano 0.07.
- Nyuzi 25–35: pikseli 200,000, nukta 315. Asilimia 45 kwa asilimia 20, uwiano 2.25.
- Zaidi ya 45: pikseli 30,000, nukta 14. Asilimia 2 kwa asilimia 3, uwiano 0.67.

Moja maana yake ni sawa na wastani wa eneo. Juu ya moja, daraja lina maporomoko kuliko haki yake ya ardhi.

Lile daraja la mwisho huwashangaza wengi: mbona pakali zaidi pana uwiano mdogo? Kwa sababu kwenye genge tupu udongo ulishaondoka zamani. Poromoko linahitaji mteremko na udongo wa kuteremka. Genge linaweza kuangusha mawe, lakini hiyo ni ramani nyingine. Usirekebishe namba kwa mkono ili ipande na mteremko.

Pikseli za kila daraja utazipata kwa "Raster layer unique values report", na daraja la kila nukta kwa "Sample raster values". Kama safu B ni pikseli, C ni nukta, na jumla ziko mstari wa 10, andika kwenye lahajedwali `=(C2/C$10)/(B2/B$10)` na uivute chini.

Daraja lenye nukta sifuri liunganishe na jirani yake anayefanana naye. Daraja lenye pikseli 400 na nukta 3 linaweza kutoa uwiano mkubwa ajabu usio na maana yoyote. Nalo liunganishe.

Hatua ya 8. Jumlisha

Rudi QGIS, badilisha namba za madaraja kwa uwiano wao, kisha jumlisha matabaka yote kwenye kikokotoo cha rasta. Ukipenda, chukua logi asili ya kila uwiano kwanza. Hapo juu ya wastani inakuwa chanya na chini yake hasi. Mimi napendelea logi, kwa sababu daraja salama linapunguza alama badala ya kuongeza kidogo tu.

Kujumlisha huku kunadhani kwamba kila tabaka linaleta habari yake. Mteremko na kielezo cha unyevu vina damu moja, maana cha pili kinakokotolewa kwa kutumia cha kwanza. Mwinuko na aina ya msitu nao hutembea pamoja. Ukiweka vinne vinavyosema kitu kimoja, umekihesabu mara nne. Ondoa tabaka moja moja na uone kama kipimo cha hatua ya 9 kinashuka. Kisiposhuka, lilikuwa mzigo.

Hatua ya 9. Pima kwa zile nukta ulizoficha

Panga pikseli zote kuanzia alama ya juu hadi ya chini, zigawe katika makundi 100 yenye pikseli sawa, na uhesabu nukta za kupimia zilizomo katika kila kundi, ukijumlisha ukishuka. Chora mstari: asilimia ya eneo chini, asilimia ya nukta pembeni. Eneo lililo chini ya mstari huo ndilo AUC, kipimo cha ubora wa ramani yako.

Nusu, yaani 0.5, ni kurusha sarafu. Kati ya 0.7 na 0.85 ni kazi ya kawaida inayotumika. Ukipata 0.96, usifungue soda bado: rudi hatua ya 1 uone kama umeingiza tambarare, na hatua ya 5 uone kama umetumia picha za baada ya tukio.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa nukta za kufundishia. Zikitoa 0.88 na za kupimia 0.66, umekariri makovu badala ya kujifunza mteremko. Punguza madaraja na matabaka.

Hatua ya 10. Kata alama katika madaraja matano, kisha nenda uwanjani

Usikubali mgawanyo ambao programu inakupa yenyewe. Kata ukiangalia nukta za kupimia: daraja la juu liwe dogo kwa eneo na libebe maporomoko mengi iwezekanavyo, na msongamano wa nukta kwa kilomita ya mraba uongezeke kila daraja likipanda. Ramani iliyo nyekundu kwa asilimia 60 hakuna chifu atakayeifanyia kazi, kwani hana pa kuwahamishia watu wote hao.

Uwanjani angalia nyufa zinazofuata mkingamo wa mteremko, miti iliyoinama, na chemchemi mpya. Waulize wazee kuhusu maporomoko ya zamani yaliyokwisha kumezwa na vichaka, kwa maana picha za Sentinel-2 zinaanzia 2015 tu na wao wanakumbuka nyuma zaidi. Usipande mteremko wenye nyufa siku ya mvua, wala siku inayofuata.

Lini uhamie rigresheni ya lojistiki

Ukishaelewa yote ya juu na una matabaka yanayohusiana. Chukua nukta zako za maporomoko (1) na idadi sawa ya nukta zisizo na maporomoko (0), mbali na makovu angalau mita 150, lakini kwenye miteremko ile ile. Ukizichukua zote uwandani umerudi kwenye kosa la Kacheliba. Soma thamani za matabaka, hamishia R, na uandike:

`glm(poromoko ~ mteremko + mpindo + unyevu + factor(mwamba), family = binomial)`

Pima VIF (kiasi tabaka linavyorudia habari za wenzake), tabaka linalozidi 10 litoe, na wenye ukali hukata kwenye 5. Wengi hawapati AUC kubwa sana kuliko ya uwiano wa marudio. Faida yake ni kwamba inashughulikia matabaka yanayohusiana na kukuonyesha lipi halina mchango.

Mambo yakikwama

*Mteremko ni nyuzi 85 hadi 89 kila mahali.* Data ya mwinuko bado iko kwenye latitudo na longitudo, hivyo urefu ni mita na umbali ni nyuzi. Ibadilishe kwenda UTM, ukokotoe upya.

*Ramani ya mwisho ni tupu au ina mashimo.* Tabaka moja lina pikseli zisizo na thamani, na jumla yoyote inayozigusa inakuwa tupu. Mara nyingi ni ramani ya jiolojia isiyofika mpakani, au uelekeo wa ardhi tambarare.

*Kuna mistari iliyonyooka kukatiza milima.* Angalia mpaka wa karatasi mbili za jiolojia: jiwe lile lile limepewa majina mawili na wachoraji wawili. Yaunganishe.

*Miraba mikubwa inaonekana.* Tabaka la pikseli kubwa limeingia, mvua au udongo wa mita 250. Litoe.

*Nukta nyingi zimeangukia mtoni.* Uliweka alama kwenye mkia wa kovu. Rudi hatua ya 3 uzipandishe.

*Wenyeji wanasema nyumba zilizofukiwa ziko kwenye kijani, rangi ya daraja salama.* Huenda wao na ramani wote wako sahihi. Ramani hii inaonyesha panapoanzia, na nyumba zilifukiwa panapoishia. Usibadilishe rangi za madaraja ili kuwaridhisha. Fuata vijito vinavyotoka kwenye maeneo mekundu hadi vinapofungukia bondeni, chora ukanda wa pande zote mbili pamoja na tambarare ya mdomoni ambako mawe ya zamani yamelala, na uuweke kama tabaka la pili lenye mistari juu ya ramani, na maelezo yake yenyewe.